Paka safarini: choo chake ndani ya gari-nyumba



Ndugu msomaji, juma hili ukurasa wetu unazungumzia jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, nalo ni choo cha paka. Tena si paka aliyetulia nyumbani, bali paka aliye safarini pamoja na watu wake, ndani ya gari moja ambamo wanapika, wanalala na kuswali.

Magari ya namna hiyo ni mageni kwa wengi wetu tulioko Afrika Mashariki. Ni gari lenye ukubwa wa basi dogo, ambalo ndani yake mna jiko, vitanda, meza, bafu finyu lenye choo, na tangi la maji. Hapa tutaliita gari-nyumba. Huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini, shule zifungwapo wakati wa kiangazi, familia nyingi hukodi au hununua gari kama hilo na kutembea nchi kwa nchi. Baadhi ya ndugu zetu waliohamia huko kutoka Unguja, Mombasa na Komoro wameupenda usafiri huu kwa sababu zilizo wazi. Mama anapika chakula anachokijua asili yake, maji ya kutawadhia yapo, na wakati wa swala ukiingia gari huegeshwa mahali pa salama, mswala ukatandikwa.

Kwetu Pwani paka hana haja ya sanduku. Katika vichochoro vya Lamu na vya Mji Mkongwe hujiendea atakako, akafukua mchanga, akajisaidia, akafukia, na mwenye nyumba asijue hata ni saa ngapi. Lakini paka aishiye katika nyumba ya ghorofa kule London au Rotterdam hana ua wala ufukwe. Yeye hutengewa sanduku la plastiki lenye mchanga maalumu. Na sanduku hilo likishaingizwa ndani ya gari-nyumba, huwa hatua mbili kutoka jikoni na hatua mbili kutoka mahali pa swala.

Wengi hudhani kwamba shida ya sanduku hilo ni harufu pekee. Sivyo. Ndani ya sanduku hilo mna afya ya paka mwenyewe, mna usalama wa mama mjamzito na watoto, na mna twahara ya mahali pa ibada. Familia iliyolipangia sanduku kabla ya safari husafiri kwa raha. Familia iliyoliacha lijiendee, wa kwanza kuumia ni yule asiyeweza kusema.

Paka si najisi, ila uchafu wake

Tuanze na lile linalowatia watu wasiwasi zaidi. Imepokewa kwamba Abu Qatada (r.a.) alitiliwa maji ya udhu na mke wa mwanawe, akaja paka akitaka kunywa, naye akamwinamishia chombo mpaka paka akanywa. Alipomwona binti yule anashangaa, alimweleza kwamba Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa paka si najisi, kwani ni miongoni mwa wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Kwa hiyo paka kupita mbele yako, kukuegemea, au kunywa katika chombo chako, hakukuharibii udhu wala nguo.

Mkojo na kinyesi chake ni habari nyingine. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wa Pwani yetu, vitu hivyo ni najisi na ni lazima viepushwe na mwili, nguo na mahali pa kuswalia. Ama manyoya yanayonyonyoka, vitabu vya fiqhi vina maelezo yake, na kiasi kidogo husamehewa. Njia nyepesi ni kuukung'uta mswala kabla ya kuutandika.

Hapa kuna kanuni moja inayoondoa dhiki kubwa: kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. Paka akitoka sandukuni na makucha makavu, akapita juu ya mswala mkavu, hakuna jambo. Lakini chembe ya mchanga iliyolowa mkojo ikinasa katika unyayo wake na kudondoka juu ya mswala, hiyo iondolewe na mahali palipolowa paoshwe. Basi dawa yake ni kuzuia. Tandika mkeka mgumu wenye vishimo mbele ya sanduku, paka akanyage hapo kwanza na chembe zibaki hapo. Mswala nao usiachwe sakafuni mchana kutwa. Ukunje, utie katika mfuko, uutundike juu.

Paka akikojoa nje ya sanduku, kausha kwanza kwa karatasi au kitambaa bila kusugua, kisha miminia maji mpaka rangi na harufu viondoke. Alama ikibaki baada ya juhudi za kweli, hiyo ina msamaha. Madukani huuzwa pia dawa za maji zenye vimeng'enya, ambazo huvunjavunja mabaki ya mkojo. Zitumie, kisha suuza kwa maji safi. Ila usimwage juu ya mkojo ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Mkojo ukikaa hutoa amonia, na amonia ikikutana na klorini huzaa hewa yenye sumu inayochoma macho na mapafu. Katika chumba kikubwa ni hatari; ndani ya gari lililofungwa madirisha ni hatari maradufu. Wala usisafishe kwa dawa yenye amonia, kwa sababu harufu yake humfanya paka adhani hapo ndipo pa kukojoa.

Mchanga wa namna gani?

Mchanga maalumu wa paka si jambo la zamani. Hadi miaka ya 1940 Wamarekani waliofuga paka ndani ya nyumba walitumia majivu, mchanga wa kawaida au unga wa mbao. Mwaka 1947, katika jimbo la Michigan, mfanyabiashara kijana aitwaye Edward Lowe aliombwa na jirani yake kitu cha kutia katika sanduku la paka. Akampa chembe za udongo mkavu zilizokuwa zikiuzwa kwa ajili ya kunyonya mafuta yaliyomwagika karakanani. Udongo ule ulinyonya vizuri kuliko majivu na haukuchafua nyayo, na Lowe akaanza kuuza kwa jina la Kitty Litter. Katika miaka ya 1980 ukaja udongo wa bentonaiti, ambao ukilowa huvimba na kushikana bonge moja linaloweza kuchotwa na kutupwa, mchanga uliobaki ukabaki mkavu.

Mkojo wa paka una harufu kali kwa sababu ya asili yake. Wazee wake ni paka-mwitu wa nchi kavu za Afrika na Mashariki ya Kati. Figo zake zimeumbwa kuhifadhi maji, kwa hiyo mkojo wake hutoka kidogo na mzito. Vijidudu vinapoushughulikia mkojo huo, hutoa amonia. Hakuna manukato yatakayoishinda amonia. Kinachoishinda ni kuchota mapema na kupitisha hewa.

Kwa msafiri, kuna aina tatu za kuzingatia. Ya kwanza ni bentonaiti. Hiyo ndiyo nyepesi kuchota, na mabonge yake hukuonyesha paka amekojoa mara ngapi na kiasi gani. Ubaya wake ni uzito na vumbi. Magari-nyumba mengi ya Ulaya yamewekewa kikomo cha kilo 3,500 pamoja na watu, maji na mizigo, na familia yenye watoto huufikia upesi. Mifuko miwili ya kilo 10 si kitu cha kupuuza. Beba mmoja, mwingine ununue njiani.

Ya pili ni chembe za silika, zinazofanana na chumvi ya mawe. Ni nyepesi sana na hunyonya mkojo kwa muda mrefu, lakini hukorogwa kila siku, na baadhi ya paka hawapendi ukali wake chini ya nyayo. Ya tatu ni vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Vikilowa huvunjika na kuwa unga, na harufu ya mbao hupunguza ile ya mkojo. Ila havishikani bonge, kwa hiyo ni vigumu kupima kiasi cha mkojo.

Lakini lililo muhimu kuliko aina ni hili: usibadilishe mchanga siku ya kuondoka. Paka huyu amekwisha kunyang'anywa nyumba yake, dirisha lake na kona yake. Mwachie walau mchanga anaoujua. Ukilazimika kubadili, changanya wa zamani na mpya kidogo kidogo kwa muda wa juma moja au zaidi kabla ya safari.

Mahali pa sanduku

Wengi walio na uzoefu huliweka sanduku katika bafu la gari, kwa sababu sakafu yake huoshwa kwa maji na mlango wake hufungwa mtu anapopika. Hilo ni jema kwa sharti moja: mlango ufungwe kamba au kabari ili ubaki wazi kiasi cha paka kupita. Mlango ukijifunga kwa upepo, paka hana hatia kwa atakalolifanya zuliani. Wengine huliweka chini ya kiti kirefu, wakakata tundu la kuingilia. Hapo pana stara, ila hakikisha mtu anaweza kulifikia bila kubomoa godoro, vinginevyo halitasafishwa.

Popote uliweka, lisiwe karibu na jiko wala karibu na bakuli za chakula cha paka. Paka mwenyewe huchukia kula mahali anapojisaidia. Lisiwe pia mbele ya kipasha joto au mashine inayovuma ghafla, kwani akishtuka mara moja akiwa ndani ya sanduku, yamkini hatalirudia.

Kanuni ya waganga wa wanyama ni sanduku moja kwa kila paka na moja la ziada. Paka wawili, masanduku matatu. Ndani ya gari jambo hilo haliwezekani, na hapa ndipo watu hukosea. Huona nafasi imepungua, wakapunguza masanduku, na zamu za kusafisha zikabaki zile zile. Inapasa kuwa kinyume chake. Kadiri masanduku yanavyopungua, ndivyo mkono wa kuchota unavyotakiwa kuongezeka.

Gari likiwa katika mwendo, paka awe katika kizimba chake cha kubebea, nacho kifungwe kwa mkanda. Paka aliyeachwa huru anaweza kuingia chini ya miguu ya dereva. Baada ya kila saa mbili au tatu simamisheni gari. Fungeni milango na madirisha kwanza, kisha mtoeni, mwonyesheni sanduku na maji, mpeni muda. Msimlazimishe. Paka mzima aweza kukaa saa nyingi bila kwenda haja kwa ajili ya woga, na mara nyingi huenda usiku, gari likishatulia na watu wakalala.

Yote haya yafanyiwe mazoezi nyumbani. Juma moja au mawili kabla ya safari, liegesheni gari, mwingizeni paka kila siku, sanduku likiwa mahali pale pale litakapokuwa safarini. Tieni ndani yake mchanga kidogo alioutumia jana, apate harufu yake mwenyewe. Hiyo ndiyo hati yake ya umiliki.

Zamu, na nani asiishike

Sanduku la nyumbani huenda likasubiri mpaka jioni. La gari halisubiri. Lichotwe mara mbili kwa siku, na wepesi wa kukumbuka ni kulifungamanisha na nyakati za swala: mara moja baada ya Alfajiri, mara moja baada ya Isha. Uchafu utiwe katika mfuko, ufungwe, uwekwe katika ndoo yenye kifuniko kinachobana. Dirisha la darini lifunguliwe. Mchanga wote umwagwe kila juma, na sanduku lioshwe kwa maji ya moto na sabuni isiyo na manukato makali.

Kazi hiyo iwe ya mtu anayejulikana kwa jina. Kazi ya wote ni kazi isiyo ya mtu. Baba ashike zamu ya asubuhi, kijana mkubwa ya usiku, na iandikwe ukutani. Lakini mama mjamzito asiishike zamu hii, wala watoto wadogo wasiachiwe kijiko.

Sababu yake ni kimelea kiitwacho toksoplazma. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi, na aghalabu hukitoa katika kinyesi kwa muda wa juma moja hadi matatu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza. Mtu mwenye afya akikipata, mara nyingi hata hajui. Lakini mwanamke akikipata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, kinaweza kumfikia mtoto tumboni na kumdhuru macho na ubongo, au mimba ikatoka. Wenye kinga dhaifu ya mwili nao wamo hatarini.

Hata hivyo kuna rehema katika maumbile ya kimelea hicho. Kikitoka hakiwi tayari kuambukiza papo hapo. Huhitaji siku 1 hadi 5. Kwa hiyo kinyesi kinachochotwa kila siku huondoka kabla madhara hayajakomaa. Ukiongeza kumpa paka chakula kilichopikwa au cha madukani, na kumzuia kuwinda, hatari hupungua sana. Hakuna haja ya kumfukuza paka kwa sababu mke ana mimba. Haja ni mtu mwingine kushika kijiko. Na ikiwa mama yuko peke yake na hana budi, avae glavu na anawe mikono kwa sabuni baadaye.

Kutupa

Sasa mfuko umejaa, nawe uko kando ya ziwa katika nchi usiyoijua. Utautupa wapi?

Usiutupe katika choo cha gari. Bentonaiti huvimba ikilowa, na tangi dogo la choo pamoja na mipira yake litaziba, nawe utabaki na choo kibovu katikati ya safari. Usiutupe hata katika choo kikubwa cha kambi. Mayai ya toksoplazma ni magumu, na usafishaji wa maji taka hauyaui yote, hivyo huweza kufika mtoni na baharini. Huko pwani ya California wataalamu walikihusisha kimelea hiki na vifo vya fisi-maji wa baharini, na mwaka 2006 jimbo hilo lilipitisha sheria inayotaka mifuko ya mchanga wa paka iandikwe onyo la kutotupa uchafu huo chooni wala katika mifereji.

Usiufukie msituni wala usiumwage nyuma ya kichaka kwa kuwa eti ni udongo tu. Tumefundishwa tangu udogoni kutoweka uchafu katika njia za watu na katika vivuli wanavyopumzikia. Uchafu wa paka wako ni uchafu wako, na mtoto wa mtu mwingine atacheza hapo kesho. Tia katika mifuko miwili, funga vizuri, weka katika pipa la taka za kawaida. Kambi za magari-nyumba zina mapipa hayo. Uliza mapokezi mara ufikapo. Usipoona pipa, ndoo yenye kifuniko itauhifadhi mpaka kituo kinachofuata. Si mzigo mzito kwa mtu aliyeupangia.

Daftari la afya

Kila asubuhi unapochota, hesabu. Mabonge mangapi? Makubwa au madogo kuliko kawaida? Kinyesi kigumu, laini, au hakuna kabisa? Paka huficha maradhi yake, na mara nyingi sanduku ndilo husema kabla yake. Mabonge yakizidi ukubwa na paka akinywa maji mno, huenda ni figo au kisukari. Siku mbili bila kinyesi, pamoja na kukataa chakula, zahitaji ushauri wa daktari wa mifugo.

Lakini liko moja ambalo halingoji asubuhi. Paka dume anaweza kuziba njia ya mkojo, na msukosuko wa safari pamoja na kunywa maji kidogo huweza kuchochea hali hiyo. Utamwona anaingia sandukuni mara kwa mara, anachuchumaa, anakamua, pengine analia au kujilamba sana, na hakitoki kitu, au hutoka matone tu. Wengi hudhani ana choo kigumu, wakangoja. Wasingoje. Mkojo ukizuilika, sumu hujaa katika damu, na paka anaweza kufa katika muda wa siku moja hadi mbili. Hiyo ni safari ya daktari saa ile ile, hata kama ni usiku na hata kama ratiba itaharibika. Kwa sababu hiyo, kabla ya kufika kila kituo, andika jina na simu ya daktari wa mifugo aliye karibu na anayepokea wagonjwa usiku. Mpe paka chakula chenye majimaji safarini, na bakuli la maji lisikauke.

Na paka akikojoa kitandani, msimpige. Paka hafanyi hivyo kwa kisasi. Ama sanduku ni chafu, ama hawezi kulifikia, ama ameogopa, ama anaumwa. Ukimpiga, umemwongezea sababu ya tatu bila kuondoa zile nyingine. Sote tunaijua habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Paka wa gari-nyumba naye amefungiwa, maana hana mlango wa kutokea. Chakula chake, maji yake, hewa yake na choo chake vyote vimo mikononi mwetu. Kwa hiyo pia asiachwe peke yake ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa muda mfupi wa kwenda sokoni. Joto ndani ya gari hupanda kwa dakika chache tu.

Mpaka na hati

Neno fupi kwa walioko Uingereza wanaotaka kuvuka kwenda Ufaransa na kwingineko. Tangu mwaka 2021 pasipoti za wanyama zilizotolewa Uingereza hazikubaliwi tena katika nchi za Umoja wa Ulaya. Paka awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi, awe amechanjwa kichaa cha mbwa, siku 21 zipite baada ya chanjo ya kwanza, kisha daktari wa mifugo aliyeidhinishwa atoe cheti cha afya katika siku 10 kabla ya kuingia. Kanuni hizi hubadilika, basi zithibitisheni kwa daktari wenu walau mwezi mmoja kabla ya kuondoka.

Je, ni lazima aende?

Kabla ya kufunga mizigo, kaeni kikao cha familia na muulizane bila kuoneana haya: nani atachota Alfajiri, nani atachota Isha, sanduku litakaa wapi, na safari itasimama kweli paka akiugua? Mkipata majibu yenye majina ya watu, nendeni naye, na Mwenyezi Mungu awafikishe salama. Mkitazamana kimya, basi kumwacha kwa jamaa mwaminifu, katika nyumba anayoijua harufu yake, ni hisani kwake wala si kumtupa. Paka wengi hupenda mahali walipozoea kuliko mandhari ya milima. Watoto watalia siku ya kwanza. Waelezeni kwamba kumpenda mnyama ni kutazama raha yake kwanza, na wapeni kazi ya kupiga simu kila jioni kuuliza hali yake.

Nanyi mlioko huku nyumbani, mnaompakia paka ndani ya gari dogo kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga au Mwanza, mengi ya haya yanawahusu: kizimba kilichofungwa, beseni dogo la mchanga anaoujua, vituo vya kupumzika milango ikiwa imefungwa, mfuko wa kufungia uchafu, na jicho juu ya dume anayechuchumaa bila kutoka kitu.

Wallahu a'lam. Tukutane juma lijalo, insha'Allah.